Herkule Alikuwa na Bosi

Imetangazwa rasmi kwamba Herkule hakusaidiwa na mtu.

Tangazo lenyewe limebandikwa kwenye ukumbi wa kuingilia, kando ya visanduku vya barua, ndani ya fremu ya kioo ambayo hutumika kwa mambo mazito tu: vifo, kukatika kwa maji, na mbwa. Linasema kwamba Kamati ya Wamiliki wa Olympia Court, baada ya kutafakari kwa kina, inapenda kuwakumbusha wakazi wote kuwa Tuzo ya Herkule imepewa jina la shujaa ambaye, kama ijulikanavyo duniani kote, alitimiza kazi zake kumi na mbili peke yake, bila msaada wa mtu yeyote na bila malipo ya aina yoyote. Na kwamba, kwa kuheshimu kumbukumbu yake, miezi miwili kati ya kumi na miwili ya mfanyakazi Pontien haitahesabiwa. Chini yake kuna sahihi ya Mwenyekiti na muhuri. Muhuri una picha ya Herkule.

Nimeishi katika jengo hili, hapa Berea, Durban, miaka kumi na mmoja, ghorofa ya tano, na nimesoma matangazo mengi katika fremu ile. Hili ndilo la kwanza kutoa uamuzi kuhusu mambo ya Ugiriki ya kale.

Haki itendeke: Kamati haiko peke yake katika kumpenda Herkule. Mtu huyu, ambaye hakuna hakika kama aliwahi kuzaliwa, amedumu kuliko wafalme wengi wenye makaburi. Ukishuka mtaa wetu kuelekea mjini utakuta jina lake kwenye duka la kufuli, kwenye gereji ya matairi, na kwenye ukumbi wa mazoezi ambako watu wazima hulipia kubeba vyuma visivyokwenda popote. Huko Westville namjua mbwa mmoja mkubwa mwenye jina hilo, anaogopa tumbili. Jengo letu lenyewe lilijengwa zama ambazo wajenzi walipenda mambo ya Kigiriki, na juu ya mlango yupo yeye mwenyewe kwa vigae vidogo vya rangi, rungu begani, ngozi ya simba mgongoni, kigae kimoja cha pua kimedondoka. Kila mtu anaijua misuli yake. Kinachosahaulika ni kwamba alikuwa kibarua. Alikuwa na bosi.

Mtu pekee katika Olympia Court aliyejua habari za bosi huyo ni Pontien, ambaye kila asubuhi hufagia chini ya ile picha.

Pontien ni Mrundi wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mtulivu, mwenye sauti ya mtu anayesoma somo la pili kanisani. Ujana wake aliupitisha katika seminari ndogo huko milimani kwao, ambako mapadri walimpa miaka sita ya Kilatini na desturi moja: kila jioni, kabla ya kulala, kuandika katika daftari umefanya nini, nani amekusaidia, na umepokea nini. Vita vikamtoa seminarini kabla upadri haujamchukua. Akapita Tanzania, Malawi na Msumbiji, akafika Durban, akalinda magari ya watu maegeshoni akiwa na fulana ya kung'aa, akaosha vyombo, na kwa miaka tisa sasa ni mlinzi, mfagizi, fundi bomba na msuluhishi wa ugomvi wa maegesho hapa kwetu. Kilatini bado anacho. Hakuna aliyewahi kumwuliza.

Anaishi na mkewe Gloriose juu ya paa, katika kimoja cha vile vyumba vilivyojengwa zamani kwa ajili ya watumishi, kati ya tangi la maji na kamba za kuanikia nguo. Binti yao Anaïs ni muuguzi Bloemfontein. Gloriose ni mshonaji. Kila siku hushuka kwenda duka la mapazia Morningside na kila jioni hupanda kurudi. Lifti ilikufa siku mafuriko yalipoingia gereji ya chini, na tangu hapo Kamati inakusanya bei za mafundi. Goti la kulia la Gloriose limevimba kama embe. Daktari alimwambia apunguze ngazi. Ngazi za kwao ni mia moja na themanini, na hazipunguzwi.

Na wakati huohuo, ghorofa ya chini, iko fleti ya mtunza jengo: vyumba viwili, choo chake, mlango unaotazama bustani. Tangu mtunza wa mwisho astaafu, wanaishi humo mti wa Krismasi wa Kamati, viti vitatu vyenye miguu mitatu kila kimoja, na mashine ya kukatia nyasi. Hakuna hata mmoja kati yao mwenye shida ya goti.

Mwenyekiti wetu, Mister Nigel, alifanya kazi miaka thelathini na minne katika bima, akipima madai ya watu walioungua nyumba. Yaani alilipwa, na vizuri, kutafuta sababu ya kutolipa. Kustaafu hakukumtibu. Kerubo wa ghorofa ya saba, Mkenya anayefundisha uhandisi chuoni Westville, alipoandika barua kuomba fleti ile wapewe Pontien na mkewe, Mister Nigel alijibu kwamba zawadi humharibu mtu, ila tuzo humjenga. Hivyo ikazaliwa Tuzo ya Herkule: mfanyakazi atakayetimiza miezi kumi na miwili ya kazi isiyo na dosari atapewa fleti ya chini. Wafanyakazi wa kushindania tuzo hiyo walikuwa mmoja.

Akamkabidhi Pontien rejista nene yenye jalada jeusi. "Andika kila kitu," alimwambia.

Na Pontien, kwa bahati mbaya, akaandika kila kitu.

Mwezi wa kwanza ulikuwa wa tumbili waliohamia jikoni kwa ajuza wa ghorofa ya tisa. Aliwatoa wote bila kuua hata mmoja, jambo ambalo Herkule hakuliweza kwa simba mmoja tu. Mwezi wa tatu maji yalikatika siku kumi na tisa, kisha yakarudi kwa hasira. Mabomba ya chini ya jengo, mazee kuliko Mwenyekiti, yakaanza kupasuka. Ukiziba hapa, yanapasuka pale mara mbili. Nilishuka kuona kuna nini nikamkuta Pontien maji magotini, msumeno mkononi, na nyuma yake Gloriose.

"Mama Anaïs, panda juu, nakuomba. Goti!"

"Goti iko ndani ya maji, inapoa. Lete makasi."

"Makasi ya nini tena?"

"Wewe kata. Mambo ya kufunga, niachie mwenye kazi yake."

Alikuwa amekata mpira wa ndani wa tairi kuwa vipande virefu, na kila Pontien alipokata sehemu iliyooza na kuunganisha, yeye alikuja nyuma akifunga kiungo kwa mpira ule, akivuta na kukunja kama anapiga upindo wa pazia. Nilisimama kwenye ngazi na viatu vyangu vipya nikitoa ushauri. Saa kumi jioni maji yalikaa kimya. Pontien aliandika: *Mabomba kumi na moja. Kukata nimekata mimi, kufunga amefunga mke wangu Gloriose. Bila yeye ningekuwa bado huko.*

Mwezi wa saba akaishambulia gereji ya chini, ambayo tope la mafuriko lilikuwa limekaa humo mpaka likaota nyasi. Hakulibeba kwa ndoo. Alichimba mfereji hadi mlango wa nyuma, akangoja mvua kubwa mbili, akaziacha zipite humo. Siku tuliporudisha magari ndani Kerubo alimpelekea kreti ya fanta.

Hapa inabidi nieleze jambo. Kwa Warundi, ukimsaidia mtu, atakuwekea kinywaji mbele yako. Hakulipi, anakuambia kwamba amekuona. Ukikataa kunywa, umemwambia kwamba yeye si mtu wa kunywa naye. Pontien alipokea kwa mikono miwili, akagawa kreti nzima kuanzia ghorofa ya kumi kushuka, na jioni akaandika: *Nimepokea fanta kreti moja kwa Madamu Kerubo. Nimekunywa mbili.*

Mwezi wa kumi na mbili ulipoisha, Kamati ilikaa pale ukumbini, Jumamosi mchana, chini ya Herkule asiye na pua. Mazungumzo yalikuwa ya Kiingereza. Nayaleta kama nilivyoyasikia. Mister Nigel alivaa miwani, akashusha kidole ukurasa baada ya ukurasa, na nikaona uso wake ukichangamka kama wa mtu aliyerudi kazini.

"Mwezi wa tatu. Huyu Gloriose ni mwajiriwa wetu?"

"Ni mke wangu, Mister Nigel."

"Sikuuliza hilo."

"Hapana. Si mwajiriwa."

"Kwa hiyo kazi ilifanywa kwa msaada wa mtu wa nje. Na mwezi wa saba ulilipwa."

"Nilipewa fanta."

"Kreti. Kreti ni chupa ishirini na nne."

"Nigel, jamani!" Kerubo alisimama. "Nilikuwa nasema asante!"

"Sikatai asante, Dokta. Nakataa kreti."

Ndipo Pontien akainua mkono kama mwanafunzi. "Mister Nigel, niruhusu. Jambo hili lilishatokea."

"Lilitokea jengo gani?"

"Kwa Herkule." Akaonyesha juu. "Kulikuwa na nyoka wa majini mwenye vichwa vingi, ukikata kimoja vinaota viwili. Herkule alikata, na mtoto wa ndugu yake akawa anachoma shingo kwa moto visiote tena. Mfalme aliyemtuma akasema: umesaidiwa, hii haihesabiwi. Halafu akatumwa kusafisha mazizi yenye mavi ya miaka mingi. Akageuza mto ukapita humo. Mfalme akasema: uliomba ujira kwa mwenye ng'ombe, hii pia haihesabiwi. Kazi zilikuwa kumi, Mister Nigel. Zilifika kumi na mbili kwa sababu hiyo."

Mtu alifungua kisanduku chake cha barua, akakifunga taratibu.

"Mfalme gani huyo?" aliuliza Mister Nigel.

"Euristeo."

"Sijawahi kumsikia."

"Ndiyo," Pontien alisema kwa upole. "Hakuna aliyemsikia."

Kerubo peke yake ndiye aliyecheka. Mister Nigel alifikiri kidogo, kisha akatabasamu, na nilijua tumekwisha.

"Hizo mbili za nyongeza, alizifanya?"

"Alizifanya."

"Basi." Akafunga rejista. "Unaona mwenyewe. Ndiyo maana tunamkumbuka."

Nimelala na hiyo "basi" nikaamka nayo. Mtu anaambiwa hadithi ya dhuluma, neno kwa neno, na anachokichukua humo ni ratiba. Lakini nadhani Mister Nigel, bila kukusudia, alinieleza kwa nini Herkule hachuji. Mashujaa wengine walikasirika, wakakaa hemani, wakagoma. Huyu alinyimwa hesabu yake mara mbili, na mara mbili akauliza: inayofuata ni ipi? Hakuna mwajiri duniani asiyempenda mtu wa namna hiyo. Sanamu zake zote, kufuli zake zote na matairi yake yote yamewekwa mjini na wajukuu wa Euristeo.

Na lililonichoma zaidi ni kwamba Mister Nigel si mtu mbaya. Mkutano ulipokwisha alimvuta Pontien pembeni akampa kalamu yake mwenyewe. "Futa ule mstari wa mkeo," alimwambia, kwa huruma kabisa. "Na pale kwenye fanta andika maji. Weka sahihi pembeni. Jumatatu nakupa funguo."

Pontien aliibeba rejista mpaka juu. Kerubo na mimi tulimfuata. Ghorofa ya nane nilikuwa naona nyota. Gloriose alikuwa kwenye cherehani, mguu wa kulia umenyooshwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Aliambiwa yote, hakusimamisha mashine.

"Nifute," alisema.

"Siwezi."

"Huwezi nini? Kalamu si iko? Jina langu haipande ngazi, Pontien. Inayopanda ni goti."

"Ulikuwepo."

"Nilikuwepo, na mabomba inajua. Mister Nigel ndiye Mungu, atanisoma siku ya mwisho?"

"Niliyoandika nimeyaandika," alisema Pontien. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake lote.

Gloriose alitugeukia sisi kama mashahidi. "Mnamwona? Padri bila kanzu." Kisha kwa mumewe: "Na huyo Herkule wenu, yeye alikuwa na mke?"

Pontien alikohoa. "Alikuwa naye."

"Alimsaidia?"

"Alimwua. Yeye na watoto. Miungu walimtia wazimu. Zile kazi alipewa kama kitubio."

Cherehani ikasimama. "Eish! Na ndiye mmemweka juu ya mlango?"

"Dada, sisi tumemkuta hapo," alisema Kerubo.

"Na mwisho wake?"

"Alioa tena. Huyo wa pili akamtumia shati. Lilikuwa na sumu, mke mwenyewe hajui. Likamshika mwilini mpaka akafa."

Gloriose alimtazama mumewe taratibu, kuanzia kola hadi kifungo cha mwisho cha lile shati la buluu la kazi alilomshonea yeye. "Alors," alisema, "ukae vizuri na mimi." Kerubo alicheka mpaka akatafuta ukuta wa kushika.

Kisha Gloriose akanyoosha mkono, akachukua rejista, akatafuta mwezi wa tatu. Alisoma akiufuata mstari kwa kidole. Akaurudia. *Bila yeye ningekuwa bado huko.* Hakuwa anajua kwamba ameandikwa hivyo. Kalamu ya Mwenyekiti ilikuwa mezani, karibu na mkono wake kuliko mkono wa mtu mwingine yeyote.

"Miezi miwili ni siku ngapi?"

"Sitini na moja."

Akafunga rejista, akamrudishia. "Nitapanda."

Jumatatu tangazo likawekwa kwenye fremu.

Nilizihesabu siku zile sitini na moja, maana mlango wangu unatazama ngazi. Pontien alifanya kila kitu peke yake, kwa ukali wa mtawa. Alihamisha friji ya ghorofa ya pili kwa kuiviringisha juu ya vipande vya bomba, huku majirani wanne wenye mabega mapana wakimwangalia, wamekatazwa kugusa. Kerubo alipompelekea fanta alizirudisha mlangoni kwake zikiwa na karatasi ya kuomba radhi, na Kerubo, ambaye hutetemesha kitivo kizima cha uhandisi, alikuja kwangu na karatasi ile mkononi macho yamemlowa. "Wamemfundisha adabu mbaya," alisema. Hilo ndilo lililofanikiwa katika Olympia Court: Mrundi alifundishwa kukataa kinywaji.

Na kila jioni saa kumi na moja na nusu Gloriose alipanda. Nilijua yuko wapi kwa sauti: mguu wa kushoto, kimya, mguu wa kulia, pumzi. Niliweka kiti nje ya mlango wangu ili apumzike nusu ya safari. Siku ya tatu fremu ya kioo ilitangaza kwamba samani haziruhusiwi ngazini kwa sababu za usalama wa moto. Nikakiondoa kiti. Nikawa nasimama mlangoni na glasi ya maji, kwa kuwa sheria haikutaja maji. Alikuwa akinywa, akishika ukuta, na kuniuliza, "Zimebaki ngapi?" Mwanzoni nilidhani anauliza ngazi.

Tuzo ilitolewa Jumamosi asubuhi. Fleti ilikuwa imesafishwa. Mti wa Krismasi ulipelekwa juu, kwenye chumba cha paa, na aliyeupeleka ni Pontien. Mister Nigel alitoa hotuba nzuri. Alisema kwamba katika zama hizi za watu kutegemeana ovyo, jengo letu limethibitisha kuwa mtu mmoja bado anaweza. Alisema "peke yake" mara tano. Akakabidhi funguo, Gloriose akazipokea kabla mumewe hajanyoosha mkono, akaziweka ndani ya blauzi, na hakuziachia mpaka mwisho wa sambusa.

Kilichochelewa ni sanamu. Kamati ilikuwa imeagiza Herkule wa saruji kutoka kwa fundi mmoja wa makaburi, wa kusimama milele pale ukumbini, na kwenye kitako chake yamechongwa maneno: KWA NGUVU ZA MTU MMOJA. Bakkie, yaani pikapu, ilifika saa saba wageni wakiwa wanakunywa chai. Dereva alisema mkataba wake unaishia getini. Wanakamati waliitazama sanamu, wakatazama mavazi yao. Mister Nigel alishika mlango usijifunge.

Rejista ilikuwa imeshafungwa rasmi, na hakuna aliyemdai kitu tena. Lakini Pontien ni mtu wa mazoea. Jioni, kwenye meza iliyokuwa bado inanuka mashine ya nyasi, aliandika chini ya mstari wa mwisho:

*Sanamu ya Herkule imeletwa, kilo tisini na sita. Kichwa nimeshika mimi, miguu ameshika mke wangu Gloriose.*